Kesi Imeharibika Kortini: Lipi la Rufaa, Lipi la Malalamiko

Barua yangu ya kwanza ya malalamiko ilikuwa na kurasa tano, na hasira kuanzia salamu hadi sahihi. Mimi ni muuza mahindi Busia, upande wa Uganda. Mteja alichukua mzigo wa milioni 14, akalipa milioni 2, zilizobaki akawa hazitambui. Nikaenda korti fulani, sitaitaja, na nikashindwa. Nilitoka pale nikiwa na hakika hakimu amenunuliwa, nikaiandikia Tume ya Huduma za Mahakama iliyoko Kampala. Jibu lilikuja baada ya miezi, aya mbili tu: unacholalamikia ni uamuzi, na uamuzi hupingwa kwa rufaa. Siku za kukata rufaa zilikuwa 30. Zote zilikwisha nikiwa nasubiri jibu la barua.

Tangu hapo wenzangu wa sokoni, madereva wa malori na hata Wakongo wanaokuja kununua dagaa hunijia wakisikia neno "korti". Si wakili mimi. Ila nimewasindikiza watu wengi kiasi cha kujua wapi wanateleza, na wengi wanateleza palepale nilipoteleza mimi.

Kwanza: je, ni lazima uende kwa hakimu?

Deni au ugomvi mdogo unaanzia kwa LC, baraza la uongozi wa mtaa. Mahakama ya LC ya kijiji, yaani LC1, husikiliza madeni, mali iliyoharibiwa, kuingilia shamba la mtu, mambo ya mila, na husikiliza kwa lugha ya palepale. Kwa madeni na mikataba dai lisizidi milioni 2. Usiporidhika unapanda LC2, kisha LC3. Ubaya wake unaujua: mwenyekiti anaweza kuwa shemeji wa huyo unayemdai. Kama ndivyo, mwambie mapema akae pembeni, mbele ya wajumbe wenzake, usingoje hadi ushindwe ndipo ukumbuke ushemeji.

Deni lisilozidi milioni 10 lina njia yake katika korti za mahakimu, utaratibu wa madai madogo uliowekwa na kanuni za 2011. Unaanza kwa kumpelekea mdaiwa hati ya madai na kumpa siku 14. Akinyamaza, unakwenda kortini na fomu pamoja na vielelezo vyako. Mawakili hawaruhusiwi kusimama pale, hakimu anawauliza ninyi wawili moja kwa moja. Madai dhidi ya Serikali hayaingii humo. Deni langu lilikuwa milioni 12, nikakosa njia hiyo kwa milioni 2, na hadi leo roho inaniuma.

Zaidi ya hapo, hakimu wa daraja la kwanza anasikiliza madai hadi milioni 20, Hakimu Mkuu hadi milioni 50, na yanayozidi yanakwenda Mahakama Kuu.

Pili: tenga makapu mawili

Hapa ndipo pa kukaa na chai yako ukafikiri. Kila linalokuumiza kortini liweke kwenye kapu moja kati ya mawili.

Kapu la kwanza ni la uamuzi. Hakimu amemwamini shahidi wa mwenzako, amekataa kielelezo chako, amesoma sheria vibaya, amekupa fidia ndogo. Hata kama amekosea vibaya sana, hilo ni la rufaa.

Kapu la pili ni la mwenendo. Hakimu ameomba au kupokea pesa, ametukana mashahidi, anakuja kazini anapotaka, amesikiliza kesi ya ndugu yake, amekaa na hukumu mwaka mzima, ameongea na upande mmoja faraghani. Hilo ni la malalamiko.

Watu hukasirika nikiwaambia kwamba Tume haiwezi kugeuza hukumu. Lakini fikiria kinyume chake. Kama ofisi ya Kampala ingeweza kumwadhibu hakimu kwa sababu tu mtu hakupenda uamuzi, basi mwenye simu za wakubwa ndiye angekuwa anashinda kesi zote. Ibara ya 128 ya Katiba ya 1995 inakataza mtu yeyote kuingilia kazi ya mahakama, na inamkinga hakimu asishitakiwe kwa uamuzi alioutoa akiwa kazini. Wazee wetu wanajua kinga hiyo inahusu nini: Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari kutoka ofisini kwake katika Mahakama Kuu, Kampala, na hakurudi. Kwa upande mwingine, Ibara ya 126 inasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, kwamba haki itolewe bila kujali mtu ana nini, na isicheleweshwe. Ibara ya 147 ndiyo inayoipa Tume kazi ya kupokea malalamiko yetu.

Tatizo moja linaweza kuwa na vipande vya makapu yote mawili. Hakimu alikula pesa, na hukumu pia ni mbovu. Basi nenda njia zote mbili, kila moja kwa karatasi yake. Ila shika hili: malalamiko hayasimamishi siku za rufaa. Hata kidogo.

Tatu: daftari

Nunua daftari la shilingi elfu mbili. Ukurasa wa kwanza andika namba ya kesi, jina la korti, jina la hakimu, jina la mwenzako. Halafu kila siku unayokwenda kortini andika tarehe, saa uliyofika, saa hakimu aliyoingia, kilichosemwa, nani alikuwepo, na kesi imeahirishwa hadi lini na kwa sababu gani. Mistari mitatu inatosha. Andika siku ileile, kwa sababu baada ya wiki tarehe zinaanza kuchanganyika.

Karatasi yoyote unayopeleka kortini iwe na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri, siku faili "likipotea" huna la kuonyesha. Na mafaili hupotea. Wakati mwingine liko chini ya meza, linasubiri mtu alainike. Nenda na nakala zako zenye muhuri, omba kwa maandishi faili litafutwe au lijengwe upya, na barua hiyo nayo igongwe muhuri. Nimeona faili la miezi minne likipatikana kabla ya chakula cha mchana, siku mwenye kesi alipokuja na bahasha ya nakala.

Nne: lugha

Korti zetu zinaandika Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha tena 2022, lakini kwenye meza ya hakimu bado ni Kiingereza. Mshitakiwa asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila kulipa chochote, Ibara ya 28. Katiba hapo inasema "mtu", haisemi raia, kwa hiyo ndugu zetu wakimbizi wa Nakivale na Kyangwali nao wamo.

Sasa nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Mama mmoja muuza mahindi alisimama kizimbani akasema: "Nilimkopesha magunia sita." Mkalimani alikuwa kijana wa ofisi, Kiswahili chake cha kuokoteza, akamweleza hakimu kwa Kiingereza kwamba mama alikopa magunia sita. Kalamu ya hakimu ikatembea. Mimi nimekaa benchi la nyuma, nikainua mkono, askari akaniashiria nikae. Mama mwenyewe hakujua lolote, alikuwa anatabasamu. Silabi mbili zile zilimgeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Wakati wa mapumziko nilimwambia, naye akamweleza wakili wake, na waliporudi wakili akaomba ushahidi usomwe tena. Hakimu alisahihisha bila neno. Kwa hiyo: unapomaliza kutoa ushahidi omba usomewe ulichoandikiwa, kwa lugha yako. Ukisikia mkalimani amepotoka, usisubiri. Simama, inamisha kichwa kidogo, sema "Mheshimiwa, sivyo nilivyosema," ukirudie. Na nenda na mtu anayejua lugha zote mbili akae nyuma, kwa kuwa kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani na kila mtu anaruhusiwa kuingia kutazama.

Tano: pesa

Ada za korti hulipwa kupitia URA, mamlaka ya mapato. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unapata risiti. Anayekuomba ada mkononi, dirishani, hiyo siyo ada.

Bondi ya polisi, ile ya kuachiwa kutoka kituoni, haina malipo. Imeandikwa hata kwenye kuta za vituo vingi, na bado watu wanalipa chini ya maandishi yaleyale. Mtu akikamatwa, polisi hawana ruhusa ya kukaa naye zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kortini. Dhamana ya korti ni tofauti: hakimu anaweza kuagiza uweke pesa taslimu, na pesa hizo unalipa benki, unatunza risiti, na zinarudi kesi ikiisha kama hukutoroka. Wangapi wameziacha huko kwa kupoteza risiti! Wadhamini waende na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC1.

Kuhusu kitu kidogo. Mara nyingi anayekuja kwako si hakimu, ni mtu wa korido: "Mheshimiwa anataka umwone." Ninaamini kabisa kuna mahakimu ambao majina yao yanauzwa kila siku na wao hawana habari. Ndiyo maana ukilipa hujui umemlipa nani, na sheria ya 2009 ya kupambana na rushwa inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Usilipe kisha ukalalamika umetapeliwa. Andika jina, siku na maneno, utoe taarifa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, IGG, inapokea taarifa za rushwa, za watumishi wa korti pia. Nayo haigusi hukumu.

Sita: ukishindwa, siku ileile

Usiende nyumbani kwanza. Hukumu ikisomwa asubuhi, kabla ya ofisi kufungwa peleka barua fupi kwa korti ileile ukiomba nakala ya hukumu, amri, na mwenendo wote wa kesi uliochapwa. Nakala moja igongwe muhuri, nyingine mpe mwenzako. Umuhimu wa barua hii ni huu: katika kesi ya madai una siku 30 za kukata rufaa, na muda ambao korti inautumia kukuandalia nakala za amri na mwenendo hautahesabiwa. Asiyeomba hana cha kujitetea nacho.

Kesi ya jinai ni haraka zaidi: siku 14 za kupeleka taarifa ya rufaa. Aliye gerezani amwambie ofisa wa gereza, taarifa inaweza kupitia huko.

Rufaa ya hakimu wa daraja la pili huenda kwa Hakimu Mkuu. Ya daraja la kwanza na ya Hakimu Mkuu huenda Mahakama Kuu. Hakimu akiwa amefanya jambo ambalo hakuwa na mamlaka nalo kabisa, kwa mfano amesikiliza dai la milioni 60, Mahakama Kuu inaweza kuliita faili na kulipitia. Hapo sasa tafuta mwenye sheria. Asiye na uwezo aulize Justice Centres Uganda, FIDA Uganda kwa akina mama, au mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, Serikali ndiyo inamlipia mshitakiwa wakili, na huhitaji kubembeleza mtu.

Saba: barua ya malalamiko

Kabla ya kuandika jiulize aliyekukosea ni nani hasa. Kwa hesabu yangu ya mezani, nusu ya wanaokuja kwangu kumlalamikia hakimu walikuwa wanapaswa kumlalamikia wakili wao aliyekula pesa asitokee. Huyo ni wa Baraza la Sheria, lenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Askari aliyekubambikia ni wa PSU, kitengo cha nidhamu cha polisi. Mwendesha mashitaka yuko chini ya DPP, mkurugenzi wa mashitaka.

Kama ni karani, au ni kuchelewa kwa kawaida, anza na Hakimu Mkuu wa eneo. Mengi yanamalizikia hapo kwa simu moja. Mahakama ina pia ofisi yake ya ukaguzi inayozunguka kukagua korti na kupokea kero. Ukiwa na shaka kwamba hakimu ana undugu au biashara na mwenzako, kabla ya malalamiko mwombe ajitoe kwenye kesi. Liombe hadharani, kortini, kwa heshima na kwa sababu, ili liandikwe kwenye mwenendo wa kesi.

Yanayobaki ni ya Tume. Kulalamika ni bure. Andika kwa Kiingereza kilichonyooka ukimpata wa kukusaidia, kwa sababu faili zao ni za Kiingereza, na usimruhusu huyo msaidizi akupambie. Barua ya mfano, ya kubuni, kwa maneno yetu:

"Ninamlalamikia hakimu wa korti fulani, katika kesi ya madai namba fulani. Lalamiko langu ni moja: hukumu haijasomwa. Tulimaliza ushahidi tarehe 4 Februari. Hakimu alisema atasoma tarehe 11 Machi. Siku hiyo karani alituambia haiko tayari. Tulirudi tarehe 15 Aprili, 20 Mei na 1 Julai, hakimu hakuwepo. Tarehe 8 Julai nilimwandikia Hakimu Mkuu, nakala yenye muhuri nimeambatisha. Sijajibiwa. Ninaomba mwenendo huu uchunguzwe."

Basi. Hakuna "amenunuliwa", hakuna Mungu anaona, hakuna historia ya baba yako na shamba. Kanuni za maadili za mahakimu na majaji za 2003 zinasema hukumu iliyoahirishwa isomwe ndani ya siku 60, isipokuwa kuna sababu nzuri. Huyo hakimu wa mfano sasa ndiye mwenye kazi ya kueleza sababu yake. Tarehe zako, kutoka kwenye lile daftari, zimeshafanya kazi ambayo kurasa zangu tano hazikuweza.

Kama unasema alipokea pesa, andika ulichokiona wewe. "Nilimwona" na "niliambiwa na fulani" ni vitu viwili, vitenganishe. Weka sahihi, jina na namba ya simu. Utaambiwa huenda ukahitajika kuapa kwamba ulichoandika ni kweli.

Nane: baada ya kutuma

Pata namba ya lalamiko lako, iandike kwenye daftari. Hakimu atapelekewa malalamiko ajibu, uchunguzi utafanyika, na likionekana lina uzito litasikilizwa, pengine nawe uitwe. Tume si ya mawakili peke yao: Katiba inataka iwe na wajumbe wawili wa kawaida wasio wanasheria. Kwa mahakimu, Tume inaweza kutoa adhabu, kuanzia onyo hadi kufukuza kazi. Jaji wa Mahakama Kuu na kwenda juu ni habari nyingine. Kumwondoa kunahitaji jopo maalumu linaloundwa na Rais chini ya Ibara ya 144, kwa sababu ya kushindwa kazi, mwenendo mbaya au kutojua kazi.

Uliza habari kila baada ya miezi miwili hivi, kwa barua fupi yenye namba yako. Kesi yako ikiwa bado inaendelea mbele ya hakimu yuleyule, endelea kuhudhuria kama kawaida, msalimie, kaa mahali pako. Nimeona mtu ameacha kwenda kortini kwa kuwa "nimeshamshitaki Kampala", kesi ikaamuliwa bila yeye kuwepo.

Ukiitwa Kampala kutoka huku kwetu, ni kama kilomita 200 na barabara ya Jinja haina ahadi. Lala mjini usiku wa kuamkia. Beba karatasi halisi, siyo picha za kwenye simu, na lile daftari, hata kama lina madoa ya mafuta ya mandazi.